Shingo Mbili za Wimbo wa Bukene

Chemchem, Tabora
14 Januari 2024

Mwanangu Advera,

Kabla hujasoma zaidi tafuta kiti ukae, maana anayekuandikia si yule Kasimiri uliyemwacha. Siku hizi, kuanzia stesheni hadi Kwihara, hakuna jambo zito linalofanyika bila mimi kuulizwa. Juzi padre amesimamisha pikipiki yake katikati ya barabara kuniuliza kama mvua itanyesha. Nikamwambia itanyesha. Ikanyesha. Mengine sitaji, usije ukaniona najisifu.

Natumaini u mzima na sala zinakwenda. Sisi huku hatujambo. Mama yako Eustadia hajambo, amepanda karanga, na ulimi wake bado mkali kwangu mimi shemeji yake, kwa hiyo ujue ana afya. Mama yako mdogo, mke wangu Doto, anakusalimu sana. Kuku wake ameamua kuatamia ndani ya kofia yangu ya sherehe na Doto amenikataza kumwondoa. Ile kofia nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya siku yako.

Na kuhusu hiyo siku, sasa nisikilize. Tarehe kumi na tano Agosti utakapoweka nadhiri zako za kwanza, kaka yangu Adriano hatakuwepo, Mungu amlaze pema. Lakini wimbo wake utakuwepo. Nimeamua. Nitaupiga mimi.

Utauliza gitaa liko wapi, maana la baba yako lililiwa na mchwa. Nimepata sanduku. Mwaka juzi kwenye soko la tumbaku alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo, mtu anayevuta zile sigara nene kama mpini wa jembe. Mimi nilikuwa pale natengeneza meza yao. Yule bwana akanusa majani, akashindwa kuyapanga madaraja. Nikanusa mimi, kwa tundu moja la pua tu, lile jingine lilikuwa na mafua, nikampangia marobota mia mbili kabla ya chai. Akanipa sanduku la sigara zake, la mbao laini inayonukia. Sigara alikuwa amezimaliza, lakini sanduku ndilo la maana. Doto alikuwa anawekea sindano na vifungo, nimelitwaa jana.

Usishangae gitaa kutoka kwenye sanduku, ndiyo damu yetu hiyo. Babu wa babu yetu, Ngollo, alibeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, pembe begani na zeze mkononi, na msafara mzima ulitembea kwa mwendo wa zeze lake. Akinyamaza, wanasimama. Siku moja alipiga chafya, watu mia tatu wakakaa chini.

Basi nitachonga shingo kwa mninga. Shingo moja, ndefu, imenyooka. Nyuzi tatu zinamtosha mtu anayejua. Na mimi najua, kwa sababu baba yako alipokuwa akiupiga ule wimbo wake, aliyekuwa anamjibu kwa gitaa la pili ni mimi. Waulize watu wa zamani. Wengi wamekufa, lakini waulize.

Barua hii inakuja na Majidi, dereva wa lori la mbegu. Amesema keshokutwa utakuwa nayo.

Ni mimi baba yako mdogo,
Kasimiri, fundi wa mizinga, vitanda na sasa magitaa


Nyumba ya Malezi, Ziba
18 Februari 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Majidi aliiweka chini ya kiti cha lori akaisahau, ina alama ya oili kwenye jina la Ngollo, lakini nimeisoma yote. Mimi ni mzima. Nimepewa kuangalia nguruwe, wako saba, na mmoja anafanana na mwalimu wangu wa hesabu. Msalimie Mama Mdogo Doto, umwambie kofia aiache ilivyo, vifaranga vina haki yao.

Baba Mdogo, uliponiandikia kuhusu ule wimbo niliiweka barua chini nikaenda kusimama bandani kidogo. Unajua wewe mwenyewe ulivyotungwa. Siku niliyozaliwa Baba alikuwa amekwama Bukene, treni haiji, ana gitaa na habari kwamba mama amepata uchungu, basi akamtungia wimbo mtoto ambaye hajamwona. Alinipigia kila asubuhi kabla sijaenda shule. Alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Mwanzo ninao, pale anapomwuliza mkuu wa stesheni treni iko wapi. Mwisho ninao, pale anapofika nyumbani na kuuliza jina langu. Katikati imenitoka. Nimeitafuta miaka yote hii. Nikiimba ninafika mahali naruka, kama mtu anayevuka mfereji.

Sitaki kuweka nadhiri nikiwa na nusu ya wimbo wa baba yangu. Naomba uniandikie maneno ya katikati. Wewe ulikuwa gitaa la pili, utakuwa unayajua.

Mama nilimwuliza alipokuja kunitembelea Desemba. Akasema maharage yanaungua, akainuka. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la wageni, Baba Mdogo. Hapakuwa na jiko.

Jambo jingine. Baada ya misa kuna muda ukumbini ambapo kila familia inamkabidhi binti yake kwa masista, na inaruhusiwa wimbo mmoja. Sista Mlezi anataka jina la wimbo kabla ya Julai kuisha, na hataki mambo ya kujaribu. Anasema mwaka jana familia moja ilileta ngoma ikamsahau mpigaji. Kama haitawezekana, niambie mapema tu, nitaomba kwaya waimbe kitu kingine. Sitakasirika.

Binti yako,
Advera


Chemchem, Tabora
24 Machi 2024

Mwanangu Advera, marahaba.

Hapa nyumbani tu wazima. Vifaranga vimetoka kumi na kimoja, kofia imebaki na harufu lakini umbo bado lipo. Mama yako amepalilia karanga peke yake, amekataa msaada wangu, anasema nikishika jembe naongea na jembe linasimama kunisikiliza.

Umeuliza maneno ya katikati. Hayo si mambo ya kuandika kwenye karatasi, yanapoteza ladha. Tuyaache hapo.

Gitaa linakwenda vizuri kupita nilivyotegemea, na mimi nilitegemea makubwa. Shingo imekaa. Nyuzi nimechambua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, pale unapobonyeza kidole, nimekata kutoka kwenye spoku. Na kwa kuwa mimi ni fundi na si mbabaishaji, nilichukua futi nikavipanga vyote kwa kipimo kimoja, inchi moja, inchi moja, mpaka chini. Ukiangalia unaona raha. Nikafunga na gundi yangu na misumari minne, maana kitu changu hakilegei.

Basi nikakaza nyuzi. Ukipiga uzi bila kubonyeza, unaimba kama malaika. Ukibonyeza chuma cha kwanza, malaika ana kikohozi. Ukifika cha nne ni mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikalegeza, nikakaza, nikalegeza, siku tatu. Doto akahamishia kuku kwa jirani. Nikasema labda ni sanduku, limezoea sauti za ng'ambo.

Nikalipeleka kwa Yahaya, yule fundi redio, ambaye marehemu baba yake alikuwa akipiga udi kwenye harusi za mjini. Yahaya akalishika, akaliangalia muda mrefu bila kupiga hata uzi mmoja.

"Kasimiri," akasema, "hii ngazi umeitengeneza vizuri sana. Sasa nani atapanda?"

"Ngazi gani?"

"Vyuma vya gitaa havilingani nafasi, ndugu yangu. Huku juu vinaachana, kadiri unavyoshuka kwenye sanduku vinasogeleana. Wewe umegawa sawasawa kama vitanda vya bweni."

Nikamwambia najua, nilikuwa nampima. Akasema nimefaulu kumpima, sasa ning'oe. Lakini ile gundi yangu haing'oki, na misumari minne nimeikunja kwa ndani. Ukiivuta shingo, linakuja sanduku zima.

Kwa hiyo ndiyo nakuarifu rasmi kwamba gitaa litakuwa na shingo mbili, kama nilivyopanga tangu mwanzo. Hii ya kwanza ni ya kupigia bila kubonyeza. Ya pili ndiyo ya kupigia wimbo. Magitaa ya namna hii yapo, Yahaya ameona picha. Kilichobaki ni kupata shingo ya kweli nichukue vipimo vyake, na hapa Chemchem hakuna aliye nayo.

Mwambie Sista aandike.

Kasimiri


Ziba
28 Aprili 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Sisi wazima. Nguruwe sasa ni kumi na wanne. Nimefurahi kusikia kuhusu vifaranga.

Barua yako ya Januari ninayo hapa. Umeandika, "Shingo moja, ndefu, imenyooka." Sisemi kitu. Nimeinakili tu.

Yahaya umpe salamu zangu, umwambie nimecheka hadi nikaulizwa nasoma nini.

Sista bado sijamwambia aandike. Sitaki nimwambie halafu nirudi kumwambia afute. Lakini nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Likizo ya mwisho nyumbani, nikifagia chumbani kwa Mama, nyuma ya gunia la mbegu niliona kitu kirefu kama mkono, kimefungwa kwa kanga. Nikauliza. Mama akasema ni mpini wa shoka. Baba Mdogo, ile kanga ni ya harusi yake. Mpini wa shoka haufungwi kwa kanga ya harusi.

Mchwa walikula sanduku la gitaa la Baba. Sidhani kama walikula shingo, ule mti ulikuwa mgumu.

Nenda kamwombe. Lakini umwombe vizuri, usimtanie, wala usimwambie ya Ngollo.

Na maneno ya katikati bado nayasubiri, hata kama yatapoteza ladha.

Advera


Chemchem, Tabora
30 Juni 2024

Mwanangu Advera, marahaba nyingi.

Nimechelewa kwa sababu ya kazi, na kwa sababu mwezi mzima nilikuwa namwogopa mama yako. Hilo la pili lifute. Karanga zimevunwa, magunia manne. Doto ana jino linamsumbua lakini bado anaongea.

Nilikwenda. Nilivaa shati la Jumapili. Mama yako alikuwa amekaa ukumbini anamenya karanga, akaniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Shemeji, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi unataka kitu."

Nikamwambia. Sikutania, sikumtaja Ngollo. Nikasema mtoto anataka wimbo wa baba yake, na mimi nimetengeneza ngazi. Akaendelea kumenya. Akamenya sinia nzima, mwanangu, na mimi nimekaa kimya, jambo ambalo unajua halijawahi kutokea. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na ile kanga. Akaifungua mapajani. Shingo ya Adriano, nzima, mpaka zile alama za kidole chake gumba nyuma. Masikio yake sita ya kukazia nyuzi yapo, mawili yameganda kutu.

"Utaipigilia misumari?"

"Hapana shemeji."

"Sema hutaipigilia."

Nikaapa. Akaja nayo mwenyewe hadi kwenye karakana yangu, hakuniachia niibebe. Nimeishika kwenye sanduku kwa vijiti vya mninga na kamba ya ngozi, yeye amesimama ananiangalia mikono kama askari. Sasa limekaa, shingo mbili, ngazi kushoto, ya Adriano kulia. Nyuzi nne za kweli Yahaya ameagiza Mwanza.

Halafu ikaja kutuni, kupatanisha sauti za nyuzi. Hapo nikaonyesha ujuzi wangu. Nikakaza huu, nikalegeza ule, nikasikiliza kwa sikio moja, nikageuza la pili. Saa nzima. Mama yako akaweka mkono kwenye bega langu.

"Shemeji, unaliua."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akalichukua. Hakuuliza kitu. Akaanza kuguna puani, taratibu, ule mwanzo wako wa mkuu wa stesheni, na kwa kila neno anakaza sikio moja, mpaka uzi na pua yake vikasema kitu kimoja. Nyuzi nne, kama mtu anayewaamsha watoto wanne kwenda shule. Kumbe kutuni kwa Adriano hakukuwa kwa kitabu wala kwa gitaa la mtu mwingine. Alikuwa anazipanga kwa huo mstari wa kwanza. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwiga.

Kisha akaupiga. Wote.

Mimi nilikwenda kuangalia kuku. Kuku wako kwa jirani, unakumbuka, lakini nilikwenda kuwaangalia.

Amesema Adriano alimfundisha jikoni msimu mmoja wa mvua, wewe ukiwa shule, na yeye ndiye alikuwa anamjibu. Mimi habari hiyo nilikuwa nayo siku zote, nilikuwa nakutunzia. Hata hivyo nimempa maelekezo mawili matatu na ameyapokea vizuri.

Sasa kuhusu katikati. Nilimwuliza maneno yake. Akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka vile tangu msiba. Akasema, "Hayana maneno. Alikuwa anangoja treni, angesema nini?" Ni gitaa tu, Advera, linazunguka, linarudi palepale, linazunguka tena. Nilitaka kukuelezea zaidi, mama yako akasema nisikuharibie, utasikia siku yenyewe.

Mwambie Sista aandike: Wimbo wa Bukene, utapigwa na Fundi Kasimiri na wengine. Mimi nitashika shingo ya ngazi, shemeji atashika ya Adriano. Sanduku moja, mapaja mawili. Tumeanza mazoezi, ananipiga viwiko.

Kasimiri


Ziba
25 Agosti 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Sasa wananiita Sista Advera, lakini shikamoo bado ni mimi wa kukupa wewe. Natumaini mlifika salama na kwamba jino la Mama Mdogo limetulia, maana nilimwona anatafuna nyama bila wasiwasi.

Siku kumi sasa tangu siku ile na bado masista wanaulizana kuhusu nyinyi. Familia ya kwanza walileta kinanda. Familia ya pili walileta spika kubwa kama kabati. Kisha likaitwa jina letu, mkaingia wewe na Mama mmebeba kile kitu kama watu wanaobeba mtoto mgonjwa, wewe na kofia ina unyoya wa kuku, Mama amevaa ile kanga. Mkakaa kwenye benchi moja. Mama akasema, "Shemeji, sogea," na ukumbi mzima ukasikia. Ukasogea. "Rudi kidogo." Ukarudi. Watu walikuwa wanacheka kabla hata hamjaanza.

Halafu Mama akapiga mwanzo.

Baba Mdogo, ilipofika katikati nilielewa kwamba sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa natafuta maneno ambayo hayakuwepo. Lile gitaa lilivyokuwa linazunguka, nikamwona Baba amekaa kwenye benchi la stesheni anaangalia reli, hajui kama ni mimi au mtu mwingine anayekuja. Sikuruka mfereji. Nilipita katikati yake. Na Mama alipofika mwisho, pale pa kuuliza jina, akaacha kupiga akaniangalia, na mimi nikajibu kwa sauti jina langu, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya Sista Mlezi. Nilipotazama, Sista Mlezi mwenyewe alikuwa amesimama anapiga makofi.

Kila mtu amesifu vidole vyako. Vilikuwa vinakimbia juu ya ile shingo mpaka jasho likatoka. Sista Mlezi alikuwa amekaa mstari wa mbele, karibu kabisa na wewe. Ameniuliza swali moja kuhusu shingo yako. Nimemjibu kwamba kwetu tunapiga hivyo.

Mpe Mama barua ya pili iliyomo humu. Usiifungue.

Binti yako,
Sista Advera


Chemchem, Tabora
22 Septemba 2024

Mwanangu Sista Advera, marahaba.

Hali zetu njema. Barua ya mama yako nimempa ikiwa imefungwa, ila bahasha ilijifungua kidogo njiani kwa sababu ya joto na mimi nikaifunga. Sikuona zaidi ya mistari miwili.

Tangu turudi kutoka Ziba sina nafasi ya kupumua. Habari imefika hadi Nzega. Wamoraviani wananitaka kwa harusi mbili, Waislamu wenzake Yahaya wananitaka kwa sherehe, na mtu mmoja kutoka Bukene alikuja kunitazama mikono tu, akaondoka. Wote nimewaambia ratiba imejaa. Yahaya anasema ratiba gani, nashinda nimekaa kibarazani. Nimemwambia ratiba ya msanii haionekani kwa macho.

Mama yako amelichukua gitaa. Alisema ni kwa usiku mmoja, sasa ni wiki ya tano. Kila jioni ukipita kwake unasikia Bukene. Juzi amepiga na kitu kipya, hakina jina bado, na Doto alisimama uani kwake na ndoo ya maji kichwani mpaka kikaisha. Karanga anamenya kwa saa chache siku hizi.

Umesema Sista Mlezi aliuliza swali kuhusu shingo yangu. Hukuniambia ni swali gani. Nimelifikiria njiani, kanisani, na kwenye kiti cha kinyozi. Nimesoma hadi darasa la saba, na la sita nimelisoma mara mbili, kwa hiyo ni kama la nane, na mtu wa darasa la nane anajua anapofichiwa aibu.

Basi wewe sasa ni mtu wa Mungu, nitakueleza, na usimsomee mtu mwingine.

Ile asubuhi, kabla hatujaitwa, tukiwa nyuma ya ukumbi, nilijaribu kutuni shingo yangu iende na ya Adriano. Ilikataa. Niliona kwamba nikipiga uzi mmoja tu, mbuzi wangu atapita katikati ya ile treni yako, na wewe umeingoja miaka kumi na minne. Nikatoa kitambaa changu cha jasho nikakisukuma chini ya nyuzi, karibu na sanduku. Vidole vilikimbia kweli, hilo usiliondoe. Ila sauti yote uliyoisikia ilikuwa ya mama yako.

Yeye nilimwambia kitambaa ni kwa ajili ya joto. Akakiangalia, kisha akafungua pindo la kanga, akatoa leso yake.

"Hicho chembamba, shemeji," akasema. "Ongeza na hii."

Baba yako mdogo,
Kasimiri